Nyuki Waliorudi Kazini

Kila siku isipokuwa Jumamosi, saa mbili kasorobo asubuhi, Eucabeth Nyanchoka alipanda kilima kilicho nyuma ya soko la Kegonga akiwa na kigoda, daftari la kurasa tisini na sita, penseli iliyofungwa uzi isije ikapotea, na saa ya mkononi aliyoachiwa na baba yake. Saa ile ilikuwa nyuma kwa dakika nne. Eucabeth alizijua dakika zake, akaziongeza kila alipoandika. Kazi yake ilikuwa kuhesabu nyuki.

Aliyempa kazi hiyo ni Liz, binti wa Homa Bay aliyekuwa akisomea shahada ya pili Nairobi, na ambaye alifika Kuria mwaka wa 1994 akitafuta kichaka cha aina moja tu. Kichaka hicho kilimea ndani ya msitu mdogo wa kilimani. Kimo chake kilikuwa cha mtu mzima, majani yake yalikuwa na manyoya, na maua yake ya zambarau hayakuzidi kifuniko cha chupa ya soda. Kwa Kiswahili hakina jina. Watu wa Kegonga walikiita kuni, maana ndiko kilikoishia, katika mabanda ya kukaushia tumbaku.

Liz alimfundisha Eucabeth kuketi mbele ya kichaka kimoja kwa dakika kumi, kuandika kila mdudu anayetua, kisha kuhamia kichaka kingine. Alimfundisha pia sheria moja.

"Mama Robi, usiandike kile unafikiria. Andika kile unaona. Hiyo ndiyo kazi yote."

Ua lenyewe lilifunguka alfajiri na kumaliza shughuli zake kabla ya jua la siku hiyo hiyo kutua. Ndani yake kulikuwa na vijiti kumi vya kiume, vitano vifupi vya njano na vitano virefu vya zambarau vilivyopinda. Vya njano vilikuwa vya kumlisha mgeni. Vya zambarau vilikuwa vya kumtuma bila yeye kujua, kwa sababu vilimpaka chavua nyuma ya tumbo, mahali ambapo miguu yake haifiki kujipangusa, naye akaipeleka hadi kichaka cha pili na kukiachia kijiti cha kike. Lakini chavua hiyo ilikuwa imefungiwa. Kila kijiti cha kiume kilikuwa na kitundu kimoja tu nchani, kama kopo la chumvi. Nyuki wa asali alikuja, akatembeatembea juu yake, akaondoka mikono mitupu. Aliyejua kufungua ni nyuki mkubwa mweusi, yule anayetoboa boriti za nyumba za watu. Alilikumbatia ua, akatuliza mabawa, akavuma kwa kifua, na chavua ikamwagika. Bila mvumo ule hapakuwa na chavua, na bila chavua hapakuwa na tunda. Eucabeth aliimba sauti ya pili katika kwaya ya kanisa lao, na somo hilo hakuhitaji kuelezwa mara mbili.

Liz alirudi Nairobi kuandika tasnifu yake. Eucabeth aliendelea kuhesabu, kwa kuwa hakuna aliyemwambia aache, na kwa kuwa aliipenda kazi ile kuliko kazi yoyote aliyowahi kufanya.

Chini ya kilima kile kulikuwa na kitalu cha miche ya tumbaku, na ndani ya kitalu kulikuwa na Maroa, mume wake. Kampuni ya tumbaku ilikuwa imemkabidhi Maroa bomba la kubeba mgongoni na dawa ya wadudu iliyokuja katika mapipa ya buluu yasiyo na maandishi yoyote. Glavu ziliahidiwa. Kinga ya pua iliahidiwa. Maroa alijifunga leso usoni akapulizia. Bomba lilikuwa na ufa, dawa ikamchuruzika mgongoni tangu asubuhi hadi saa sita, na jioni Eucabeth alipomwogesha aliona ngozi ikibanduka. Tangu Januari alikuwa akikohoa. Kufikia Machi mikono yake ilitetemeka kiasi kwamba ilibidi ashikiwe kikombe.

"Baba Robi, wacha hiyo kazi," Eucabeth alimwambia.

"Nimeweka kidole kwa mkataba mpaka mwaka wa elfu mbili," Maroa alijibu. "Nikiwacha, wanachukua shamba."

Jumanne moja ya Aprili 1997 upepo ulipanda mlima badala ya kushuka, ukibeba dawa ya kitaluni. Saa tatu na nusu nyuki walianza kuanguka. Walianguka mmoja mmoja, weusi na wale wa asali pamoja, wakafa wakiwa chali huku miguu ikichezacheza. Eucabeth aliwaokota wote, akawatia katika mkebe wa mafuta ya kupikia. Walikuwa mia mbili na kumi na wawili. Kwenye daftari, kuanzia wakati ule, aliandika sifuri. Jumatano aliandika sifuri kutwa nzima, na aliposhuka kilimani alikuwa analia, kwa nyuki kidogo na kwa Maroa zaidi, kwa sababu dawa iliyowaua wale kwa nusu saa ndiyo iliyokuwa ikimlowesha mumewe mgongo tangu mwanzo wa mwaka.

Alhamisi, saa mbili na dakika kumi, nyuki walirudi kazini.

Walikuwa wale wale waliokufa. Eucabeth aliwafahamu, hasa mmoja mweusi aliyepasuka bawa la kushoto, ambaye alikuwa amemhesabu kwa miezi miwili. Alifungua mkebe akamkuta nyuki huyo ndani, amelala chali. Akatazama ua, akamkuta pia pale, amelikumbatia. Jua lilipita katikati ya tumbo lake likaangaza petali za chini. Wanawake waliopanda kuokota kuni walisimama wakatazama kidogo. Mmoja aliuliza kama nyuki wafu huuma, na Eucabeth alimwambia kwamba hawaumi. Wakaendelea na kuni zao.

Akaandika alichokiona. Nyuki weusi, arobaini na sita. Ijumaa waliongezeka, akaandika hamsini na mmoja.

Walikuwa na bidii kuliko walipokuwa hai. Hawakupumzika wakati wa jua kali, hawakugombana, hata manyunyu hayakuwafukuza. Jumamosi walifanya kazi pia, jambo ambalo Eucabeth, aliyeshika Sabato, aliliona alipopita hapo akitoka kanisani na hakulipenda. Lakini hawakuvuma. Kila mmoja alilikumbatia ua, akatuliza mabawa kama desturi, akajitikisa, na hakuna kilichosikika. Chavua ilibaki ndani ya vijiti vyake. Baada ya wiki moja maua ya siku zile yalikuwa yamedondoka na nyuma yake hakukuwa na tunda hata moja.

Eucabeth alimwita Stanley. Huyu alikuwa afisa wa kampuni, aliyezunguka mashambani kwa pikipiki, na wakulima walimwita Bwana Majani. Alikuwa kijana mpole, mwenye shati safi, ambaye hakuwahi kumpandishia mtu sauti. Alipanda kilima bila kulalamika, akasimama mbele ya kichaka.

"Mama, umeniita nione nyuki zimekufa," alisema. "Mimi naona nyuki zinafanya kazi."

"Hizo ndizo zimekufa. Angalia kwa mkebe. Hii ya bawa imepasuka iko hapa, na iko hapo kwa maua."

Stanley alichungulia mkebe, akatazama ua, akarudia tena taratibu. Alikuwa mtu wa haki kwa kiasi chake.

"Ni kweli," alisema. "Ni yeye."

"Basi andika kwamba dawa yenu imeua nyuki, msimamishe hiyo bomba. Bwana yangu ndiye anaibeba. Ikiua nyuki na ngozi yake ngumu hivi, itamwacha mtu?"

"Nitaandikaje imekufa na iko kazini? Hebu nione hiyo daftari."

Akampa. Jambo hili Eucabeth alijilaumu nalo baadaye, ingawa sioni kosa lake lilikuwa wapi. Alikuwa na daftari safi, lenye tarehe na saa sahihi hadi dakika, na aliamini kwamba daftari safi linamtetea mwenyewe. Stanley alipitisha kidole kwenye safu mpaka Alhamisi.

"Huu ni mwandiko ya nani?"

"Yangu."

"Umeandika nyuki arobaini na sita. Ijumaa hamsini na moja. Kabla ya dawa walikuwa arobaini."

"Niliandika kile niliona. Lakini hawana sauti! Sikiza."

Stanley alisikiliza kwa heshima, ameinamisha kichwa. Kilimani kote kulikuwa kimya.

"Kweli hawana," alisema. "Lakini kwa fomu hakuna mahali ya sauti. Kuna idadi peke yake."

Akanakili idadi. Ripoti aliyoiandika ilisema kwamba baada ya dawa kutumika, nyuki wa msitu wa Kegonga waliongezeka kwa zaidi ya robo, kwa mujibu wa Eucabeth Nyanchoka, mtaalamu wa eneo hilo. Hakuna aliyewahi kumwita mtaalamu kabla ya siku ile. Alirudi nyumbani akalitupa daftari chini ya kitanda, akakaa mlangoni akitetemeka kwa hasira, na Maroa akamwuliza kama naye ameanza.

Kesho yake alilitoa tena, kwa kuwa alikuwa amewaza jambo. Alikwenda kwa Mokaya, mwalimu wa kwaya, akaazima kwake kile kichuma cha meno mawili ambacho Mokaya alikigonga gotini ili kuwapa waimbaji sauti ya kuanzia. Mokaya alitaka kujua atakitumia kuimba nini. Aliambiwa ni cha kuimbia maua, akasema kirudi kabla ya Ijumaa jioni.

Eucabeth alikigonga gotini, akakigusisha kwenye vijiti vya zambarau. Chavua ikamwagika juu ya ukucha wake. Akaihamisha hadi ua la kichaka kingine, akalifunga uzi mwekundu. Alifanya hivyo kwa maua ishirini. Mengine ishirini aliyafunga uzi mweupe, akawaachia nyuki wafu wajitahidi. Wiki tatu baadaye, nyuzi nyekundu kumi na saba zilikuwa na tunda changa, na nyuzi nyeupe hazikuwa na kitu. Alikata matawi mawili, akayaviringisha kwa gazeti lililoloweshwa maji, akashuka hadi Migori.

Katika ofisi moja ambayo haina haja ya kutajwa, alipokelewa na mzee mmoja aliyekuwa na miwani miwili, mmoja usoni na mwingine mfukoni. Alimsikiliza mpaka mwisho. Aligeuzageuza tawi lenye nyuzi nyekundu.

"Kwa hivyo hii kichaka bado inaweza kuzaa."

"Mimi ndiye nimeizalisha kwa mkono, mzee. Ua moja baada ya ingine. Nyuki hawawezi, wamekufa."

"Lakini inazaa."

"Kwa mkono!"

"Basi, mama, shida iko wapi?" Aliuliza bila kebehi yoyote. "Na hii kichaka yenyewe inasaidia nini? Inakulwa?"

Eucabeth alimwambia kwamba hakiliwi na binadamu. Alimwambia kwamba ndege hula tunda lake na kutawanya mbegu, na kwamba msitu ule ukiisha kijito cha chini kitakauka. Kisha aliona kwamba anazungukazunguka, akasema alilokuwa nalo moyoni. Alisema mumewe anakohoa damu. Alisema haombi kichaka, anaomba bomba lile lishushwe kutoka mgongoni mwa mtu.

"Hiyo ya damu ni ofisi ya afya," mzee alisema, akasikitika kwelikweli. Akaandika katika faili kwamba kichaka kinazaa, akaifunga kwa utepe. Tawi aliliomba abaki nalo, kwa kuwa lilikuwa zuri, akalitia kwenye glasi ya maji juu ya meza. Ofisi ya afya ilitaka barua ya kampuni. Kampuni ilitaka faili la ile ofisi ya kwanza. Eucabeth alizunguka kati ya milango mitatu kutwa nzima, na kila mlango ulimwita mama, ukamkaribisha, ukampa pole. Laiti mmoja angemfukuza, angalau angepata mtu wa kumgombeza.

Maroa alifariki Julai, siku ya Jumatano, mchana wa jua, juu ya mkeka chini ya paa la jikoni. Neno lake la mwisho lilikuwa kuuliza kama bomba limeanikwa. Walimzika Jumapili upande wa kulia wa nyumba. Kwaya iliimba. Stanley alihudhuria akiwa amevaa tai, akala wali na nyama, akamshika mjane mkono kwa mikono yake yote miwili.

Jumatatu saa moja asubuhi Maroa alilitungua bomba kutoka msumarini na kwenda kitaluni.

Eucabeth alikuwa akifagia. Alimwona akitoka upande wa kaburi, na kaburi halikuwa limefunguka, udongo ulikuwa vile vile na mashada juu yake. Alimsalimia. Maroa aligeuza kichwa kwa adabu, midomo ikacheza, na hakuna kilichotoka. Hakukohoa. Hilo ndilo lililomkata Eucabeth maini, kwa kuwa miezi saba alikuwa ameomba kikohozi kile kikome. Alimfuata nyumanyuma hadi kitaluni. Bomba lilivuja kama siku zote, lakini sasa dawa ilimpita Maroa mgongoni ikatua moja kwa moja ardhini, na mikono yake haikutetemeka hata kidogo. Stanley alikuwa pale na orodha ya wafanyakazi. Alimtia Maroa alama ya kuwepo.

"Huyo amekufa," Eucabeth alimwambia. "Tumezika jana, Stanley. Wewe ulikula huko!"

"Nilikula, mama, na asante, na pole sana. Lakini mkataba inaisha elfu mbili, na hakuna mahali inasema habari ya kifo. Tena ukisema amekufa, hii mistari kumi na mbili imepulizwa na nani?"

"Imepulizwa na maiti yenu! Mmemuua, na hata kumzika hamtaki nimzike!"

Wafanyakazi wengine waliinua vichwa, wakavirudisha chini. Stanley hakukasirika. Alisema ataliandika jambo hilo, na aliandika, kwamba mke wa mfanyakazi amefika kumwona mumewe kazini.

Chifu alisema hawezi kutoa barua ya kifo cha mtu ambaye jina lake limetiwa alama asubuhi ile. Alipendekeza wasubiri. Watu wa Kegonga walizoea upesi. Walijifunza kumpisha Maroa njiani, na walimtaja kwa namna mbili, marehemu walipozungumza habari za nyumbani kwake na Maroa walipozungumza habari za kazi. Jumamosi ya kwanza kwaya ilikuwa katikati ya wimbo, na kupitia dirishani wote walimwona akipulizia, yeye ambaye tangu abatizwe hakuwahi kushika jembe siku ya Sabato. Mokaya alishusha mkono. Waimbaji wakanyamaza, na katika kimya kile Eucabeth alitega sikio kwa muda mrefu asisikie pampu. Kisha Mokaya akawaanzishia ubeti wa tatu.

Eucabeth alirudi kilimani. Alipiga mstari katikati ya kila ukurasa wa daftari, upande mmoja akaandika *wanavuma*, upande wa pili *hawavumi*, na chini ya nyuki akaongeza safu ya watu. Alipeleka nakala Migori kila mwisho wa mwezi. Zilipokelewa, zikagongwa muhuri. Kufikia Desemba upande wa *hawavumi* ulikuwa na watu wanne, na msitu ulikuwa umebaki nusu, maana kichaka kisichozaa hakuna aliyeona sababu ya kukihurumia.

Msimu uliofuata kampuni haikuzungumza tena habari ya glavu. Uji wa saa nne uliondolewa, kwa sababu wengi wa waliokuwa kitaluni hawakuunywa. Mavuno yalikuwa mazuri kupita miaka yote, Stanley akapandishwa cheo, na sasa alikuwa na faili jipya la ngozi na viatu ambavyo havikuwahi kukanyaga kitalu.

Alikuja kwa Eucabeth mwezi wa Februari baada ya mavuno hayo, saa nne asubuhi, kwa miguu. Alibisha hodi ingawa mlango ulikuwa wazi. Eucabeth alikuwa akipepeta wimbi na hakuinuka.

"Mama, nimefika tu kusalimia," alisema. "Halafu nilikuwa na swali. Kampuni imependa sana kazi ya mzee wako. Inataka wengine kumi na tano kama yeye. Hapa kwako kuna mtu mgonjwa?"

Ungo ulisimama. Eucabeth alimtazama kijana yule tangu viatu hadi kola ya shati, akamwona hana kitu cha kuficha, anauliza vile ambavyo mtu huuliza kama kuna mayai ya kuuza.

"Hapa wote ni wazima," alisema. "Na hata wangekuwa wanakata roho, Stanley, ni wagonjwa wangu. Toka kwangu."

"Sawa, mama. Niandike hakuna."

Akaandika hakuna, akashukuru, akatoka. Nyumba ya pili ilikuwa ya Mirumbe, hatua ishirini hivi, ng'ambo ya ua wa minyaa. Kidole cha Mirumbe nacho kilikuwa kwenye mkataba. Eucabeth alisimama na ungo wake akamsikia Stanley akibisha hodi kwa upole ule ule na kuuliza swali lile lile. Eucabeth alimwomba Mungu kwamba mke wa Mirumbe amtukane kijana yule.

"Karibu," mke wa Mirumbe alisema. "Yuko mmoja. Amelala huko ndani, lakini bado anapumua."

"Hakuna haraka," Stanley alisema, akaomba kiti.